Mama Yangu Aliitwa Mwizi wa Mtoto Niliyemzaa Mimi

Kamwene wasomaji. Nina miaka ishirini na saba, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa kiume ambaye hajatimiza miaka miwili. Naishi Makambako, upande wa Kitandililo. Mume wangu ni mkulima, mimi nashona nguo. Mama yangu mzazi anakaa kijijini, nje kidogo ya mji wa Njombe.

Kwetu mtoto akifika wakati wa kuachishwa ziwa, bibi yake anamchukua akakae naye mpaka asahau kunyonya. Siku hizo mama wa mtoto haonekani, na kumtaja mbele ya mtoto ni mwiko, maana akisikia tu habari za mama yake kazi inaanza upya. Akilia anaambiwa huna mama wewe, njoo tule viazi. Mimi mwenyewe niliachishwa hivyohivyo, na wengi wa huku mnanielewa.

Basi mama akaja kumchukua mjukuu wake. Waliposhuka stendi ya Njombe mtoto akaanza kulia, analia kwelikweli, anajipinda mgongoni. Kaka mmoja anayeuza kava za simu pale akamfuata, simu yake tayari iko juu inarekodi. Akamuuliza, "Bibi, mama wa huyu mtoto yuko wapi?" Mama, kwa kuwa mtoto anasikia, akajibu, "Huyu hana mama."

Watu wakajaa. Najua watu wanaogopa watoto kuibiwa, na anayeuliza kwa nia njema simlaumu. Lakini baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena. Walimfungua mbeleko, mwanangu akabebwa na watu asiowajua, mama akapigwa makofi, kitenge chake kikachanwa akabaki na shumizi mbele ya vijana ambao angeweza kuwazaa. Kwa hofu akaanza kujieleza kwa Kibena. Kwenye video yule kaka anasikika akisema, "Sasa anajifanya hajui Kiswahili." Mama alimnong'oneza mwanamke mmoja kwamba anamwachisha mtoto ziwa, na yule mwanamke akajaribu kuwaambia wenzake. Kipande hicho kimekatwa.

Polisi walifika wakamtoa pale, wakanipigia simu. Nikaenda na kadi ya kliniki ya mtoto, tukasikilizwa, yakaisha siku ileile; mwanangu nikarudi naye Makambako, na ananyonya mpaka leo. Wakati mama anaambiwa yuko huru aende nyumbani, hapakuwa na hata mmoja wa kurekodi.

Video ilishasambaa, imeandikwa mwizi wa watoto anaswa. Nilisoma yaliyoandikwa chini yake, moja baada ya jingine. Mmoja anauliza kwa nini hawakumchoma moto. Mwingine anasema sura yenyewe inaonyesha ni mchawi. Mwanamke ninayeimba naye kwaya, tunagawana kitabu kimoja cha nyimbo, ameandika Mungu amlaani huyu bibi. Jumapili iliyofuata akanikumbatia na kuniuliza mama anaendeleaje. Na wewe admin, tafadhali usiifute sentensi hii: ukurasa wako pia uliirusha. Mliitoa kimyakimya, hamkusema tulikosea.

Mama alikuwa anafundisha watoto shule ya Jumapili kanisani kwao. Ameombwa apumzike mpaka upepo upite. Majirani waliokuwa wanamwachia watoto wakienda shambani, sasa akipita wanawaita ndani. Hawamtukani, wanamsalimia vizuri tu, halafu wanafunga mlango. Amekonda. Nilimwambia tufungue kesi, akasema, "Hata nikishinda huko mahakamani, nani ataiona?"

Sasa sikieni kilichonifanya niandike. Wiki iliyopita yule kaka wa kava alikuja kwa mama. Nilikuwepo. Alikuja na unga wa ngano, mafuta ya kula na kitenge kipya. Nikadhani amekuja kuomba radhi. Akasema, "Mama, nataka turekodi nakuomba msamaha. Nitapiga magoti hapohapo stendi, wewe utapokea kitenge, watu watalia." Nilipomwambia aombe msamaha hapahapa sebuleni, akanitazama kana kwamba mimi ndiye sina akili. "Dada, hapa nani ataona?"

Nilitaka kumtoa nje na unga wake. Mama akanishika mkono, akakubali. Yule alipoondoka nikamlalamikia mama, nikamwambia mtu huyu anataka kula mara mbili sahani ileile. Mama akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza. "Mwanangu, unafikiri sijui? Walioona ile waone na hii. Nataka watoto wangu wa kanisani warudi. Wewe una njia nyingine?"

Sina. Nimefikiri mpaka kichwa kinauma, sina.

Jana yule kaka amenipigia mwenyewe. Kurekodi ni Jumamosi. Anataka nimpeleke mwanangu, abebwe tena mgongoni kwa bibi yake, ili watu wamkumbuke. Halafu akaongeza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ingependeza mtoto alie kidogo, dada. Usimnyonyeshe kabla."

Mama sijamwambia maneno hayo. Najua nikimwambia atakataa, na ataishi na jina la mwizi mpaka anazikwa. Nikinyamaza, nitambeba mwanangu akiwa na njaa nimpeleke kwa yuleyule, akalizwe mbele ya simu ileile. Mume wangu ameniachia niamue mwenyewe.

Nishaurini ndugu zangu, hata ninyi mlioandika achomwe moto, maana najua mnasoma hapa. Jumamosi nimpeleke mtoto, au nimwache mama yangu hivyo alivyo?