Maji Yaliyokataa Kilima

Chuo kilifungwa kwa mgomo nikiwa mwaka wa pili, tukafukuzwa na amri ya kuripoti kwa chifu kila Jumamosi. Nilirudi kwetu karibu na Khayega na kitabu kimoja cha fizikia na majivuno ya kujaza gunia.

Chemchemi yetu ilikuwa ng'ambo ya kilima, mahali palipoinuka kidogo kuliko boma letu. Mama, mjane mwenye goti bovu, alikipanda kilima hicho na mtungi kichwani mara tatu kwa siku. Kitabu kilisema ukijaza maji kwenye paipu, ukaziba ncha zote mbili kisha ukazizibua, maji yatajivuta yenyewe kupita juu ya kilima, mradi kisizidi mita kumi. Nilipima kwa kamba na vijiti siku mbili nzima. Tisa. Nikamwambia mama hatabeba maji tena, naye akamuuza mtamba wake wa pekee tukanunua paipu.

Majirani walikuja kumtazama "profesa", ndivyo walivyoniita. Nilipozibua, maji yalitoka kwa nguvu, yakapungua, yakakoma. Nilijaza upya mara sita. Kila mara yalikatikia kule juu na nusu yake kurudi chemchemini. Jirani mmoja akauliza kama chuo kilifungwa kwa mgomo kweli, au ni kwa sababu ya wanafunzi kama mimi. Watu walicheka. Nilimchukia, na bado namchukia.

Mama alinipakulia ugali. "Wakati mwingine maji inakataanga tu," alisema. "Kula obusuma."

Kesho yake aliubeba mtungi wake.

Chuo kilipofunguliwa, mhadhiri wetu wa vimiminika aliuliza hizo mita kumi ni za wapi. Za usawa wa bahari, akasema. Huku kwetu juu kanieneo ya hewa, ile nguvu inayoyasukuma maji yapande, ni ndogo, na maji hukatika hata kabla ya tisa. Wenzangu waliandika. Mimi niliiweka kalamu chini. Bahari yenyewe sikuwa nimewahi kuiona. Kumbe ningechimba tu mtaro wa kimo cha mtu pale kileleni, paipu ikalala humo, maji yangepita.

Sikuandika barua nyumbani, kwa aibu. Nilijiambia nitauchimba likizo. Kawia ufike, wanasema. Mimi nilikawia, mvua ikafika kwanza: mama aliteleza kilimani na mtungi, nyonga ikavunjika.

Nilimkuta kitandani, nikamweleza yote, hata mtaro. Alisikiliza akitazama ukuta, kisha akaniuliza kama kuna mtu mwingine niliyemwambia. Nikasema hakuna.

"Basi usiambie mtu," alisema. "Wacha waseme ni maji ilikataa."

Tulimzika kabla ya mahindi kukauka. Matangani yule jirani alisimulia tena jinsi maji yalivyokataa, nami nikaitikia kwa kichwa.