Barua Iliyomngoja Mjomba

Nakumbuka tulikuwa wanne mlangoni pa ghala la korosho, Mtwara, siku niliyofukuzwa kazi: mimi, Somoe binti Chitanda, niliyechezwa naye unyago, Bwana Issa, nyapara wetu, na Bwana Yohana, mtu wa Songea, mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Nyapara alidai mimi na Somoe tumefunga korosho kwenye pindo za kanga. Uongo mtupu, mwanangu, lakini barua zetu zote mbili za kufukuzwa ziliandikwa wizi.

Bwana Yohana akasema, "Mabinti, nipeni barua leo leo. Shauri linaanzia kwenye kamati, halafu Baraza la Usuluhishi. Siku zake zinahesabiwa."

Somoe akatoa yake. Mimi nikaikunja yangu. "Siwezi kufungua kesi mjomba hajafika."

"Kwani aliyefukuzwa ni mjomba?" akauliza Bwana Yohana.

Somoe akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi nikanuna.

Mjomba Nantanga alikuwa kijijini Kitaya, na mto Ruvuma ulikuwa umefurika, njia imekatika. Nikamngoja. Kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye mtoto. Nilidhani na serikali inalijua hilo. Alipofika, mwezi mwingine ulikuwa umeandama. Akavaa koti lake, tukaenda moja kwa moja mahakamani. Hakimu akaisoma barua, akamrudishia kwa mikono miwili. "Mzee wangu, shauri hili si la hapa. Na kule lilikotakiwa kuanzia, siku zimepita."

Mjomba akaikunja barua, tukarudi nyumbani.

Somoe alisafishwa jina, akarudi kazini. Kila asubuhi nilisikia wenzangu wakipita, wanacheka. Wakifika mlangoni pangu, sauti zinashuka. Somoe peke yake ndiye aliyebisha hodi. Kinu changu, ambacho mtaa mzima walikuwa wakikiazima, hakuna aliyekuja kukiomba tena. Barua ninayo mpaka leo, na neno lile la wizi bado limo.

Mwanangu, ukionewa kazini, usianze na machozi wala ndugu. Uliza shauri linaanzia wapi na siku zake zinaisha lini, ulipeleke siku ile ile. Mjomba mwite, ni haki yake, lakini akukute umeshaandikisha. Mungu akupe jina safi, na watu wa kukubishia hodi.

Kama jina la mtu nimelikosea, nisahihisheni. Wale watatu wa mlangoni wametangulia wote. Sina wa kumuuliza.