Mstari wa Upande wa Pili

Jemutai hushona yunifomu za shule pale mtaani Rhonda, na cherehani yake huenda kwa mwendo wa zaburi. Mguu unasukuma, unasukuma, unatulia katikati, halafu unamalizia. Ukimletea sketi ya kupunguza, jua itarudi kwako ikiwa imeimbiwa.

Mimi ni Mama Weldon, nauza mitumba mlango wa pili, na kanisani nasimama ubavuni mwake. Kwetu Anglikana kwaya hukaa pande mbili zikitazamana, na zaburi tunajibizana: sisi mstari mmoja, wao mstari unaofuata, mpaka ile sifa ya mwisho, Atukuzwe Baba, ambayo tunaimba wote. Maneno mengi yanabebwa na noti moja, polepole, mpaka unasahau kama ulikuja na mwavuli. Asubuhi za Julai, ukungu ukiwa bado dirishani, mimi huona kanisa zima limeinuka kidogo, linaelea. Mwalimu wetu wa kwaya, Hezekiah, husema hiyo ni njaa.

Upande ule husimama Chesang, dada mkubwa wa Jemutai. Walikosana siku ya kumzika mama yao, juu ya nani angesoma wasifu wake, na kwa miaka sita hawakusalimiana. Lakini kila Jumapili walijibizana mstari kwa mstari, wamekaziana macho. Iliniudhi sana. Mtu anakuimbia vizuri hivyo, halafu mlangoni anakupita kama wewe ni mlingoti wa stima.

Mwezi jana Jemutai aliniambia ana uvimbe shingoni na atapasuliwa Jumanne. Daktari alikuwa amemwonya kwamba sauti huenda isirudi.

"Nataka niongee na Chesang nikiwa bado nayo," akasema.

"Si umpigie simu sasa hivi?"

"Mama Weldon, wacha. Nitamwambia Jumapili, tukishamaliza zaburi."

Jumapili ikafika. Kwenye mstari wa tano sauti ya Jemutai ikakatika. Nilimwona mdomo uko wazi na hakuna kitu kinachotoka. Sote huwa tunamfuata yeye, kwa hivyo upande wetu mzima ukanyamaza. Ndipo kutoka upande ule Chesang akaudaka mstari wetu, peke yake, pale pale ulipokatikia. Kwetu hilo ni kosa kubwa. Mgeni akiingilia mstari wa upande wa pili, Hezekiah humtolea macho mpaka aombe msamaha. Siku hiyo Hezekiah aliendelea kupunga mkono taratibu huku akitazama sakafu. Chesang akamaliza wetu, akaimba wao, akarudi kwetu. Nililia, na sioni haya kusema.

Mlangoni Jemutai alijaribu kuongea, ikatoka pumzi tupu. Chesang akamgusa shingoni, juu kidogo ya kola ya joho.

"Tangu lini?"

Jemutai akamwonyesha vidole vitatu.

"Miezi mitatu, na mimi nakuona kila Jumapili," Chesang akasema, akaanza kulia pale pale ngazini.

Jumanne walienda hospitali pamoja. Jumatano nikawapata wodini. Jemutai alikuwa na bandeji na amekatazwa kusema hata neno moja, na Chesang alikuwa anaongea tu: mama, wasifu, ng'ombe wao wa Mau Narok, miaka sita yote kwa asubuhi moja. Mwishowe akasema, "Nisamehe." Akangoja vile tunavyongoja katikati ya mstari.

Jemutai akafungua mdomo. Chesang akamziba upesi kwa kiganja, akamjibia yeye mwenyewe kwa sauti ndogo, "Nimekusamehe, dada."

Jemutai akautoa ule mkono, akatikisa kidole kama Hezekiah mwenyewe. Akaniomba kalamu kwa ishara, akaandika nyuma ya karatasi ya zaburi iliyokuwa mkobani mwangu: "Huo mstari ni wangu. Ngoja."

Daktari amesema wiki sita, ndipo tujue kama sauti ipo. Chesang huja Rhonda kila jioni, anaketi kando ya cherehani, anangoja.