Shikamoo Niliyompa Mdogo Wangu Kwenye Ofisi ya Mbao

Wenye ukurasa, jina langu lificheni, maneno yangu yaacheni wazi. Mimi ni mzee wa miaka themanini na ushee, wa huku Lushoto upande wa Malindi, na ndimi fundi niliyejenga ofisi ya kwanza ya mbao kijijini kwetu enzi za Ujamaa. Niliipima, nikairanda, nikaipiga misumari kwa mikono hii.

Haya, nimedanganya. Fundi alikuwa mtu mwingine, marehemu sasa. Mimi nilibeba mbao begani kutoka msituni na kushika ncha moja wakati mwenzangu anakata. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne nililikalia miaka miwili, kwa hiyo msinitafutie makosa ya herufi.

Ofisi ilikuwa ya mtoto wa baba yangu mdogo. Kwetu huyo ni mdogo wako kabisa, na nilimbeba mgongoni kamasi zikimfika kidevuni. Akaja kuchaguliwa balozi wa nyumba kumi. Nyumba kumi tu jamani! Ukipiga chafya nyumba ya kwanza, wa nyumba ya kumi anakwambia pole. Lakini yeye akasema balozi hawezi kuhudumia wananchi jikoni, kuku wanampita katikati ya miguu. Akataka ofisi, tena nyuma ya nyumba yake, kwenye kabichi za mkewe.

Akatuitia msaragambo. Kwa msiojua, huku kwetu msaragambo ni kazi ya wote: barabara, mfereji, shule. Unakuja na jembe lako, hulipwi. Haujawahi kuwa kazi ya uani kwa mtu. Mzee mmoja akauliza, "Ndugu Balozi, hii ofisi ni ya nani?"

"Ya umma!"

"Na kiwanja?"

"Kiwanja changu, ila nimekitoa kwa moyo."

"Na siku ukiacha ubalozi?"

"Mzee, wewe unapinga maendeleo?"

Basi tukabeba mbao.

Siku ya kutengeneza mlango fundi alitafuta futi yake asiione. Mimi kwa utani nikamwambia, "Futi ya nini? Mpime mwenye ofisi." Balozi ni mfupi kama kinu. Alifurahi huyo! Akasimama kwenye fremu, kifua mbele kama anapigwa picha, fundi akatia alama juu ya utosi wake. Mlango ukamtosha yeye peke yake. Wengine wote ikabidi tuiname, na wa kwanza kugonga paji la uso ni mimi, niliyekuwa mrefu kama mkaratusi.

Akaona tunavyoinama, akanogewa. Nje alikuwa anahubiri, "Sote ni ndugu, hakuna bwana wala mtwana." Ndani akaweka sheria: anayeingia aanze na shikamoo, awe mtoto, awe na mvi. Eti hapewi yeye, kinapewa kiti. Kiti chenyewe mguu mmoja mfupi, kimewekewa kibao chini. Na kazi aliyoifanya mle ndani ni kulala. Mbao zilikuwa mbichi, zilipokauka zikaachana, tukawa tunachungulia serikali inavyokoroma mdomo wazi.

Sasa mwaka huo nikawa naoa. Sukari ilikuwa haitoki dukani bila ruhusa ya balozi, na wakwe zangu walikuwa wanatoka Mponde, watu wa chai hao. Ukiwaandalia chai isiyo na sukari wanageuka na binti yao. Nikainama, nikaingia.

"Mdogo wangu, nahitaji sukari ya harusi."

Akatazama dari. "Sijasikia salamu."

"Habari za hapa?"

"Hiyo ya sokoni."

"We mtoto, mimi nimekubeba!"

"Nje mimi ni mdogo wako. Humu ndani mimi ni serikali."

Nikajaribu ujanja. Alikuwa amesimama, nikakigeukia kile kiti: "Shikamoo, kiti." Tukasubiri. Kiti kikanyamaza. Balozi hakucheka, akasema wakwe zangu wakanywe chai ya chumvi.

Nikawafikiria wakwe, nikamfikiria yule binti. Nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akaitika, huku anatafuna muwa.

Mwanangu! Na waliopanga foleni nje walisikia kila neno kupitia zile nyufa. Mpaka leo wapo vijana wananiita Mwana wa Balozi wakidhani ndilo jina la ukoo.

Ujamaa ukapita. Ofisi ya umma ikalaza mbuzi, ikahifadhi viazi, leo ni mali ya wanawe. Mwenyewe amezeeka vibaya, anaumwa, na amegoma kulala nyumba kubwa. Kitanda wamemwekea mle mle ofisini. Juzi katuma mtu: "Mwambie kaka aje tuagane." Kaka! Leo ndiyo kakumbuka.

Mke wangu, ndiye yule binti wa Mponde, ananiambia, "Mzee, nenda. Chai tulikunywa, watoto tukazaa. Unangoja afe?"

"Ule mlango bado mfupi."

"Na wewe mgongo umeshapinda. Utapita bila kuinama."

Hapo ndipo nilipokwama. Kwenda nataka. Mpuuzi yule ndiye pekee aliyebaki wa utoto wangu, akiondoka bila kuniona itaniuma. Lakini najijua: nikivuka kile kizingiti yeye akanyamaza, shikamoo itanitoka yenyewe kwa mazoea, nami nitakuwa nimemwamkia mtoto mara mbili. Ninyi mlioenda shule kunizidi, hebu niambieni, niingie au nimsalimie kupitia nyufa?

Na kama yupo mwanawe au mjukuu wake anayesoma hapa, nina ombi dogo. Mbao sizidai, bega lilishapona. Kabla sijafika, mnong'onezeni sikioni kwamba kaka yake yuko mlangoni, anamdai shikamoo moja. Hata kwa sauti ndogo. Marahaba yake ninayo mdomoni tangu mwaka ule.