Upande wa Kulia wa Beltza

Leland Ugalde alipanda farasi wa watu maisha yake yote, na siku ranchi ilipomwambia apumzike kwa sababu ya nyonga, hakuwa hata na punda wa kwake. Mimi Nadine ni jirani yake huku kaskazini mwa Nevada, uzio mmoja ndio unaotutenganisha, kwa hiyo kununa kwake kulinihusu nipende nisipende.

Binti yake Marlys alikuwa ameshamtengea chumba kule Reno, kwenye ghorofa lenye lifti. Leland aliposikia neno lifti akatema mate chini. Akaenda kwa Garth Pomeroy, msimamizi wa ranchi, kuomba kazi yake. Garth ni mtu mwema, na wema wake ndio uliotuletea balaa. Alimwambia aje vuli, wakati wa kuteremsha ng'ombe kutoka mlimani, na farasi wake mwenyewe. Akipanda na kushinda juu ya tandiko kutwa, kazi anayo. Asipoweza, basi aende kwa mwanawe na pasiwe na maneno tena.

Farasi aliyekwisha kufunzwa hakumudu kumnunua. Akaenda kwenye mazizi ya serikali, wanakowekwa mustang, farasi-mwitu waliokamatwa nyikani, ili watu wawachukue kuwalea, akarudi na mweusi mmoja mwenye chapa nyeupe shingoni. Akamwita Beltza, maana yake mweusi kwa Kibaski, lugha ya bibi yake. Nilimuuliza katika hao wawili nani atamfunza mwenzake adabu. Akanijibu kwamba ningekuwa najua kufunza, mbuzi wangu wasingelala barabarani.

Sasa, kwetu farasi hupandwa kutoka kushoto. Hakuna ajuaye kwa nini na hakuna anayeuliza. Mtoto akienda upande wa kulia huchekwa mpaka alie. Lakini nyonga mbovu ya Leland ilikuwa ya kushoto, na mguu ule ukiutia kwenye kikuku cha tandiko haumbebi. Basi akamfunza Beltza kulia. Alimsugua kulia, akamtandika kutoka kulia, na asubuhi moja nikamwona amejilaza tumbo juu ya tandiko kama gunia, kisha akauburuta mguu wa kushoto mpaka ukavuka. Farasi akatetemeka mwili mzima. Hakuruka. Leland naye akatetemeka, akakaa pale akimsemesha mpaka wote wawili wakatulia.

Safari za kwanza zilikuwa ndani ya zizi tu, mzunguko mmoja na kushuka. Baadaye wakafika kijitoni. Siku waliyovuka maji alirudi akicheka peke yake, na mimi nikaingiwa na matumaini ambayo nayajutia hadi leo.

Nilimkumbusha jambo analolijua kuliko mimi, kwamba macho ya farasi yako pembeni, na ulichofundisha jicho hili, lile halina habari nacho. Akasema kushoto kutakuja baadaye. Hakukuja, maana kwa mguu ule kungekujaje?

Vuli ikafika. Niliwapeleka ranchi mimi, Beltza akiwa kwenye trela. Vijana wa ranchi walikuwa wameshapanda, wamejipanga kwenye ua wakimtazama mustang. Leland alikuwa anamzungusha Beltza taratibu ili ubavu wa kulia uwe upande wa pili, pasipo na macho ya watu, ndipo Garth akashuka kwenye farasi wake. Kwetu mzee hushikiwa kikuku na msimamizi, na heshima hiyo huwezi kuikataa bila kumtukana anayekupa. Garth akashika hatamu, akasimama kushoto.

"Panda, mzee wangu," akasema. "Tulikumiss."

Leland akanitazama. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Leland, zunguka. Waache wacheke."

Akatia mguu wa kushoto kwenye kikuku.

Beltza aliona mtu akiinuka mahali ambapo hajapata kuinuka mtu. Alifanya ambalo farasi yeyote wa porini angelifanya. Leland aligonga reli za zizi kwa nyonga ile ile, na mlio wake tuliusikia sote. Hakuna aliyecheka.

Hospitalini Garth alikaa kitandani pake akizungushazungusha kofia. Aliuliza kilichompata farasi.

"Mbaya yule," Leland akasema, uso ukutani. "Mkorofi tangu siku ya kwanza. Mrudishe kwa wenyewe."

Nilishikwa na hasira hata nikaogopa kufungua mdomo mbele ya mgonjwa. Nikamfuata Garth nje, nikamweleza yote, kulia na kushoto. Akavaa kofia yake.

"Nikikuamini wewe, dada, inabidi niamini kwamba alikuja kwangu hawezi hata kupanda. Mwache na farasi wake mbaya."

Wanasema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mimi na Garth tukawa waosha, na aliyezikwa ni mwingine. Mustang aliyesemwa kuwa mkorofi hachukuliwi na mtu mara ya pili. Atasimama kwenye mazizi yale mpaka azeeke. Nilikuwa namlisha mimi zizini kwa Leland, hata wiki mbili baadaye Garth akaniambia lori la kumchukua lingekuja kesho yake asubuhi.

Jioni hiyo Leland alinipigia kutoka Reno, kwa Marlys. Sauti yake ilikuwa imepungua. Akauliza kama farasi amekula.

"Amekula."

"Alikuwa farasi mzuri, Nadine. Sijawahi kuwa na mzuri kama yule."

"Basi mpigie Garth sasa hivi umwambie hivyo hivyo. Lori halijaja."

Nilisikia televisheni ya Marlys nyuma yake, na pumzi zake. Kisha akakata simu.