Futi ya Fundi Cherehani

Tangu aanze sindano za homoni ya kiume, fundi cherehani hujipima msuli wa mkono kila asubuhi kabla ya kufungua duka, na futi huilegeza kidogo ili ajidanganye vizuri. Daktari alimwambia avute subira, nguvu hurudi polepole. Zilizowahi kuja ni chunusi. "Uso umerudi kidato cha kwanza," huwaambia wateja, akijicheka kabla hawajamcheka, "mwili bado unafikiria." Jana mkewe alimkuta akishona huku anapiga mluzi, yeye aliyezoea kusinzia juu ya cherehani mchana kutwa.

"Baba watoto, leo umejipima?"

Fundi akaishika futi shingoni, akaduwaa. "Lo! Nimesahau."

Mkewe akaichukua, akaizungusha kwenye mkono wa mumewe, akaikaza sawasawa. "Haujaongezeka hata kidogo," akasema, wala hakuuachia.