Meli Iliyokwama Luzira

Dada yangu hapigi simu asubuhi bila sababu. Siku hiyo nilikuwa dukani kwangu Wandegeya, nimezungukwa na wanafunzi wa chuo waliotaka tasnifu zao zichapwe na kubanwa kabla ya saa sita. Mashine moja ilikuwa imetafuna karatasi, mwanafunzi mmoja ananiita huku, mwingine kule, na simu ikaita mara tatu. Nilipopokea, dada hakunisalimia hata.

"Wanataka kuikata," alisema.

Sikuuliza wanataka kukata nini.

Nilimaliza kazi ya wale wanafunzi kwa shida. Nilipanga vibaya kurasa za mmoja wao, nikazirudia, nikazikosea tena. Nikakaa, nikasimama, nikaenda mlangoni nikaangalia barabara kama mtu anayesubiri mgeni, nikarudi. Saa nane nilifunga duka, nikapanda bodaboda hadi Luzira.

Meli ilikuwa pale pale, rafiki yangu, umbali wa kutupa jiwe kutoka ufukweni, imelalia ubavu wake wa kushoto kama ng'ombe aliyechoka. Dohani ilikwisha kuanguka miaka mingi nyuma. Gugumaji lilikuwa limeizunguka, na mafunjo yameota mahali ambapo zamani tulipita kwa miguu. Ubavuni mtu alikuwa amechora mistari ya chokaa na kuweka namba, kipande kwa kipande, kama fundi cherehani anavyoweka alama kwenye kitambaa kabla ya kushika mkasi. Niliitazama nikaona ni ndogo. Nani aliipunguza? Katika kichwa changu ilikuwa kubwa kama mtaa.

Sisi tulikua nyuma ya meli ile. Baba alikuwa askari, kazi ilimleta kutoka kaskazini, akapewa chumba na nusu katika kambi iliyo juu kidogo ya ziwa. Kambini palikuwa na watu wa kila kabila, kwa hiyo lugha yetu ikawa Kiswahili, Kiswahili cha gwaride na cha bombani, kilichokatwa huku na kuungwa kule. Mama alishinda sokoni, na bibi ndiye aliyetulea. Asubuhi tuliamshwa na tarumbeta ya kambi, halafu mlio wa mabehewa yakigongana kule gatini Port Bell, halafu sauti ya bibi akiuliza nani kamwaga maji ya kunawa. Bibi alianika mukene, wale dagaa wetu wadogo, juu ya nyavu kuukuu, na kazi yetu ilikuwa kuwafukuza kaloli, ndege wale wakubwa wenye upara wanaotembea kama makarani. Kulikuwa na majira ambapo nzi wa ziwa walipanda kama moshi mweusi kutoka majini, ukifungua mdomo umekula wengi. Bibi alisema nzi hao ni pumzi ya ziwa. Mimi niliogopa kupumua.

Kazi ikiisha, tulikimbilia melini. Wakati huo maji yalikuwa chini, unaweza kufika ukiwa umelowa magoti tu. Tulipanda kwa mnyororo wa nanga. Dada yangu alikuwa nahodha kwa sababu alikuwa mkubwa na mkali. Mimi nilikuwa fundi wa injini kwa sababu nilikuwa mwembamba, naweza kupenya mahali wengine wanakwama. Ndani kulinuka kutu, mafuta ya zamani na samaki. Ukipiga chuma kwa jiwe, sauti ilizunguka tumbo zima la meli ikarudi kwako imenenepa. Tulikwenda Kisumu, Bukoba na Mwanza, tukarudi kabla ya posho, ugali wetu wa kambini, na maharage kuiva.

Mtu mmoja tu hakupenda safari zetu, naye ni mama jirani.

Nyumba yake ilikuwa nje ya ua wa kambi, karibu na reli. Alizaliwa Old Kampala, katika familia za Waislamu wa zamani ambao babu zao walikuja kufanya biashara kutoka pwani, na Kiswahili chake kilinyooka mpaka tukaona haya kuongea mbele yake. Alikaanga kabalagala, vile vitumbua vya ndizi tamu na unga wa muhogo, na harufu yake ilitufuata hadi shuleni. Alikuwa na binti mmoja, mkubwa kwetu, mkimya, ambaye hakupanda meli hata siku moja.

Mume wake alikuwa fundi wa injini kwenye meli hiyo. Kila mtu Luzira alijua kisa. Meli ilikuwa inarudi kutoka Mwanza, ikatoboka, ikajaa maji ikiwa imekaribia gati, nahodha akaielekeza kwenye tope isizame kwenye kina. Watu walitoka. Walipohesabiwa, fundi hakuwemo. Wazamiaji walimtafuta siku tatu, wakasema tope limemmeza. Tangu hapo, kila Ijumaa baada ya swala ya mchana, mama jirani alisimama ufukweni na leso yake nyeusi, akainua mikono akaomba dua akiitazama meli. Siku hiyo hata nahodha wetu alitukataza kupanda.

Mwalimu wetu wa darasa la tano aliiona meli kwa jicho lingine. Alikuwa mwembamba, shati jeupe kila siku, na kitu chochote chenye umri kilimsisimua. Alitupeleka ufukweni darasa zima, akatufundisha majina ya sehemu za meli, akatueleza kahawa na pamba zilizopita hapo. Alikuwa amewaandikia wakubwa barua akiomba meli ivutwe nchi kavu, ipakwe rangi, iwekewe paa. "Kitu kikioza mbele ya macho yetu," alisema, "tusiseme kimeoza chenyewe. Tumekiozesha sisi." Maneno hayo yaliniingia. Nilitaka mwalimu anione.

Basi nikashuka peke yangu kwenye chumba cha injini, nikang'oa kibao cha shaba kilichokuwa ukutani, chenye maandishi ya waliounda injini. Kilikuwa kimeshikiliwa na skrubu moja tu. Nilikisugua kwa majivu na limau mpaka kikang'aa, nikampelekea mwalimu. Alikishika kwa mikono miwili. Akakiweka kwenye kabati la vioo ofisini, akaniita mbele ya darasa, wakanipigia makofi. Nilitembea wiki nzima kama bibi harusi.

Kisha mama jirani akaja shuleni. Sijui nani alimwambia. Niliitwa ofisini nikamkuta amesimama, amekataa kiti.

"Mwalimu," alisema, "kile kibao kirudi kilipotoka."

"Mama, kitaoza kule. Hapa watoto watakiona miaka na miaka."

"Wewe unataka kuwaonyesha watu chuma. Mimi nina mtu mle."

Mwalimu alivua miwani akaifuta, akaivaa. Alijaribu tena, kwa upole, akasema hata marehemu angefurahi kukumbukwa. Mama jirani hakupandisha sauti. "Ulimjua?" aliuliza.

Mwalimu alifungua kabati. Mama jirani hakukipokea kibao, aliniangalia mimi. "Wewe uliyetoa, mwanangu, wewe utarudisha."

Tulikwenda jioni ile ile, jua bado lipo, mimi na dada yangu, na yeye akasubiri ufukweni. Nilishuka ngazi ya chuma nimeshika kibao mdomoni. Maji mle ndani yalikuwa meusi yakicheza cheza. Nilifika ukutani, nikakiweka juu ya bomba kwa sababu skrubu ilikwisha kupotea, na nilipogeuka sakafu ikaniachia. Mguu wangu ulizama hadi pajani kwenye chuma kilichochanika. Nilipiga kelele. Dada alinivuta kwa kwapa, akanibeba mgongoni hadi nchi kavu, damu ikitiririka kwenye sketi yake ya shule.

Mama jirani alivua leso yake akanifunga mguu. Alifunga vizuri, kwa haraka, kama mtu aliyelea. Halafu akaniuliza, karibu na sikio, "Uliona nini mle?"

Rafiki yangu, nilikuwa na miaka kumi na moja. Niliogopa kwamba nikisema sikuona kitu atanirudisha. Nikasema, "Sikuona. Lakini nilisikia mtu anakohoa."

Alikaza fundo la leso mguuni mwangu. Kisha akasema, "Haya. Asante," akaniinua.

Mwalimu hakutupeleka tena ufukweni, na mwaka uliofuata alihamishwa. Mama jirani aliendelea na dua zake za Ijumaa mpaka tulipohama kambi, na baadaye nikasikia amefariki. Uongo ule nilikua nao. Nilimdanganya mjane juu ya mume wake, na kila nilipofikiria Luzira nilikosa raha, nikabadilisha mazungumzo, nikanyanyuka kutafuta kitu nisichokihitaji.

Kwa hiyo unaweza kuelewa kwa nini nilikwenda kwenye mkutano wa mtaa Jumapili ile. Viti vya plastiki vilipangwa kwenye uwanja wa soko. Mwenyekiti alisema mtu wa vyuma chakavu yuko tayari, anasubiri neno letu tu. Kijana mmoja mwenye suruali ya kubana akasema tuitengeneze iwe mgahawa, watalii waje. Halafu mama mmoja akasimama, akasema mwanawe alianguka pale mwaka jana akavunjika mkono. "Nyinyi mnapenda kutu kuliko watoto," alisema, na hakuna aliyemcheka. Mimi mwenyewe mguu wangu ulimkubalia.

Lakini nilisimama. Nilieleza habari za fundi aliyebaki ndani, za mke wake na Ijumaa zake. Nikasema pale si chuma, ni kaburi, na kaburi haligeuzwi mgahawa wala halikatwi vipande. Nikasema tuweke uzio kwa ajili ya watoto, tuiache ishuke yenyewe taratibu. Wazee wawili walisema "Amina." Mwenyekiti aliuliza nani anapinga, na hata yule mama mwenye mtoto alisema kama ni kaburi basi uzio uwe mrefu. Ikapita.

Watu walipokuwa wanatawanyika, mwanamke mmoja mwenye mvi chini ya ushungi alinishika mkono. Nilimtambua kwa ukimya wake kabla ya uso. Alikuwa binti wa mama jirani, sasa mtu mzima na ana duka la vitambaa Kamwokya. Alinivuta pembeni, nyuma ya vibanda vya nyanya.

"Umesema vizuri," alisema. "Mama angependa. Lakini baba hakuwemo melini."

Nikamuuliza alikuwa wapi.

"Alishuka Mwanza kimya kimya, hakupanda tena, wenzake wakadhani amelala chini. Alikuwa na mwanamke kule. Aliandika barua, mfanyabiashara mmoja akatuletea. Mama hakujua kusoma, mimi ndiye niliyemsomea. Nilikuwa msichana wa darasa la saba."

"Lini?"

"Mwaka mmoja kabla hujachukua kile kibao."

Nilihesabu kichwani nikarudia kuhesabu. Nilimuuliza mama yake alisema nini aliposomewa. Binti alitabasamu kidogo, bila furaha.

"Aliichoma kwenye jiko la kabalagala. Akaniambia, 'Yule wa Mwanza simjui. Mume wangu yuko pale.' Ijumaa akaenda kama kawaida."

Kwa hiyo siku ile ufukweni, nilipomwambia nimesikia kikohozi, alijua kabisa. Alijua na akasema asante. Nilitaka kucheka, nilitaka kukaa chini pale kwenye maganda ya nyanya. Nilimuuliza binti kama nirudi kwa mwenyekiti nikafute maneno yangu.

"Ukitaka," alisema. "Mimi sikusema kitu mkutanoni, umeona. Nimekwambia wewe kwa sababu mama alinisimulia, wewe ndiye uliyemwambia umesikia mtu akikohoa mle." Akanipa mkono, akaenda zake.

Sijafuta. Nimejaribu mara mbili, nikafika hadi mlango wa mwenyekiti, nikarudi. Usiniulize kama nimefanya vizuri. Mwalimu angesema nimeacha kitu kioze kwa ajili ya hadithi. Labda hata angenisamehe, labda asingenisamehe.

Wiki iliyopita kamati iliniletea kazi. Kwa kuwa mimi ndiye mwenye mashine, niandike na kuchapa bango la kuwekwa kwenye uzio. Walitaka jina la marehemu na neno la kuomba apumzike. Nilikaa nalo siku nne, nikaandika, nikafuta. Mwisho niliandika kwamba meli hii ilibeba kahawa, pamba, ng'ombe na watu kati ya bandari za ziwa, na kwamba ilikwama hapa. Mjumbe alipokuja kulichukua aliuliza mbona marehemu hayumo. Nikamwambia nafasi haikutosha, na yeye akaangalia ile sehemu kubwa nyeupe iliyobaki chini.

Kisha akasema basi hapo chini paongezwe onyo la watoto. Nilirudi kwenye mashine nikachagua herufi nene, nyekundu, kubwa kuliko zote nilizonazo, na mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikachapa: USIPANDE.